Rangi ya Kitako cha Lomuria

Siku ya kuniaga, kijana mmoja wa karakana alisimama na soda mkononi akaniomba niwaachie hekima kidogo. Hekima sina. Nina vidole vyenye madoa ambayo sabuni imeshindwa nayo, pua iliyoharibika, na kumbukumbu. Vyeo nilivyopandishwa ni viwili, na cha pili kilikuja nilipokuwa nimekwisha kukata tamaa nacho, kwa hiyo tuviache. Idara iliyoniajiri sitaitaja, maana pensheni yangu bado inapitia mikononi mwao na mimi sijarukwa na akili. Nitaandika juu ya kazi yenyewe. Siku hizi bunduki zenu zina vitako vya plastiki, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kupika rangi.

Nilifika Lodwar mwanzoni mwa miaka ya tisini nikimfuata mume wangu, mwalimu, aliyehamishiwa huko na watu ambao bila shaka hawakumpenda. Mimi ni mtu wa Ukambani, kwa wachonga vinyago. Kwetu wanaume huchonga, wanawake hupiga msasa, halafu mgeni akija humsifu mwanamume. Nilikuwa nimepiga msasa twiga tangu utotoni mpaka nikawachukia twiga wote, wa mti na wa nyama. Niliposikia karakana ya serikali inatafuta mtu wa kupiga msasa, nilidhani ni madawati. Nikabisha hodi, mlango ukafunguliwa, nikakuta bunduki zimeegemezwa ukutani.

"Wewe ndiye wa msasa?" aliniuliza mzee aliyefungua. Huyo alikuwa Mzee Barasa, fundi wa vitako, mtu wa Bungoma, mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya nyuma ya kichwa.

"Ndiye mimi, mzee. Naitwa Mwende."

"Basi Mwende, hii ni bunduki. Upande ule wa mbele ndio unaoua, na hautuhusu. Sisi kazi yetu iko nyuma."

Akanipa kitako kimoja, yaani ule mti mzima unaobeba chuma cha bunduki na kuishia begani kwa mwenyewe. Akaniongezea mswaki uliochakaa na kopo la rangi, akasema, "Paka." Nikapaka. Rangi ilijikusanya matone matone, ikateleza, ikanidondokea kwenye viatu vyangu vya kanisani. Nikapaka tena, ikateleza tena. Barasa alikuwa amekaa juu ya sanduku lake akinitazama kwa raha ya mtu aliyelipiwa chakula.

"Huo ni mkia wa kondoo," alisema hatimaye. "Mturkana anaipenda bunduki yake kuliko wewe unavyompenda huyo mwalimu wako. Anaipaka mafuta ya mkia asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Kabla ya rangi, mtoe kondoo."

Kumtoa kondoo ndiyo kazi iliyonipa kila nilichokuja kukijua. Unachemsha maji, unatia jivu la kuni mpaka yanateleza vidoleni, unasugua, unaanika juani, mti unatoka jasho la mafuta, unasugua tena. Jua la Lodwar halina faida nyingi, lakini kwa kutoa mafuta ndani ya mti sijaona mashine inayolishinda. Wiki yangu ya kwanza nilirudi nyumbani nikinuka nyama choma, mume wangu akawa ananipokea kwa furaha iliyokuwa haina mwelekeo.

Baada ya kondoo kutoka, unakwangua kwa kipande cha chupa iliyovunjika, unapiga msasa, unalowesha mti kwa maji uinue nyuzi zake, unapiga msasa tena. Hapo ndipo rangi inaanza. Rangi zetu hazikutoka dukani. Tulitia misumari yenye kutu ndani ya siki, tukaiacha juani na kitambaa mdomoni mwa chupa, maana ukifunga kwa kifuniko chupa inapasuka, na Barasa alikuwa na kovu la kuthibitisha. Kando tulichemsha maganda ya mgunga. Unapaka kwanza maji ya maganda, yakikauka unapaka maji ya kutu. Mti unageuka kijivu kama uso wa mgonjwa, na ukiwa mgeni unaanza kutubu dhambi zako. Ukivumilia mpaka kesho yake ukapaka linsidi, mafuta ya mbegu za kitani, unapata kahawia iliyokolea. Ukizidisha kutu unapata nyeusi ya jeneza. Rangi ya namna hii haikai juu ya mti, inaingia na kuugeuza mti wenyewe, na ndiyo maana haibanduki kwa jasho la shavu.

Barasa alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, usijaribu rangi kwenye kazi ya mtu, jaribu kwenye kipande kilichobaki. Ya pili, usimwambie mkubwa yeyote kilichomo ndani ya chupa. "Akijua," alisema, "kesho ataanza kukufundisha." Nilizishika zote mbili kwa muda mrefu kuliko nilivyoshika amri za kanisa.

Wateja wetu wakubwa walikuwa polisi wa akiba, ambao kila mtu aliwaita homugadi. Walikuwa wafugaji tu, wenye viatu vya tairi, waliopewa bunduki kuukuu za serikali ili walinde vijiji vyao wavamizi wa mifugo wakija. Bunduki zenyewe zilikuwa zile za kuvuta risasi moja moja, zilizowahi kupigana vita vya Wazungu kabla ya kuja kupumzika kwetu. Zilikuja karakana na vitako vilivyopigiliwa shanga, vilivyofungwa kwa ngozi, kimoja kimetafunwa na fisi. Mwenye hicho cha fisi nilimuuliza yeye alikuwa wapi fisi akitafuna. Akasema alikuwa amelala juu ya upande wa pili.

Nilikuwa nimekaa miaka kadhaa na nimeanza kujiona fundi, ndipo ikaja habari kwamba Bwana Mkaguzi anatoka Nairobi kukagua bunduki zote za homugadi. Huyu bwana hatukumjua kwa jina, tulimjua kwa tabia. Bunduki yenye kasoro alikuwa hairekebishi, alikuwa anairudisha stoo, na stoo ile ilikuwa na mlango wa kuingilia peke yake. Safari iliyotangulia alimnyang'anya mtu bunduki kwa sababu kitako kilipakwa kijani. Alisema rangi ya serikali ni kahawia.

Habari hiyo ilikuwa bado mbichi, Lomuria akaingia. Alikuwa homugadi wa kijiji kimoja upande wa Kaaleng, mrefu, mkimya, kigoda chake kimening'inia kwenye kidole. Bunduki yake aliibeba vipande viwili, amevifunga kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi.

"Ejok, mama."

"Ejok, Lomuria. Imefanywa nini hii?"

"Ngamia imekalia."

"Ngamia ameikalia bunduki?"

"Mimi naweka chini, mimi nakunywa maji. Yeye anachoka, anakaa."

Barasa alifungua ule ukanda. Kitako kilikuwa kimevunjika pale pembamba panaposhikwa na mkono, na kule nyuma kilikuwa vibanzi. Gundi isingesaidia, na vitako vya akiba kutoka Nairobi tulikuwa tumeahidiwa tangu enzi za nywele nyeusi za Barasa. Barasa akamwambia ukweli: mkaguzi akiikuta hivi, inaenda stoo.

Lomuria aliketi juu ya kigoda chake mlangoni. Hakuwa mtu wa maneno, lakini siku hiyo aliyatoa. Kiangazi kilichopita wavamizi walikuja wakamuua ndugu yake, wakaondoka na ng'ombe wote wa ndugu yake. Watoto wa marehemu sasa walikuwa wake, pamoja na wale aliowazaa, na ndio waliokuwa wakichunga. Bunduki katika kijiji kile ilikuwa hiyo moja.

"Hao watu wanajua mimi niko na bunduki," alisema. "Wakisikia imeenda, wanakuja. Hawatangoja mvua."

Barasa alisafisha miwani yake, ambayo haikuwa chafu. Mti wa kuchonga hatukuwa nao. Mgunga hupasuka ukiutazama vibaya, mkoma ni nyuzi tupu. Ulibaki mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa na watu wenye nia njema ili uzuie mchanga. Mchanga haukuzuilika, lakini matairi, miguu ya watu na meno ya mbuzi vilizuilika kabisa. Hakuna aliyeusema vizuri mathenge, hata waliouleta. Ila Barasa alikuwa amesikia kwamba huko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kuna Msudani anatengenezea viti vya kanisa kwa mti huo, na viti havipasuki.

"Nenda wewe," aliniambia. "Mimi mgongo hautaki ile barabara."

Mgongo wake haukuwa na shida yoyote. Barabara ya Kakuma wakati ule ilipitiwa kwa msafara wenye askari mbele na nyuma, na Barasa alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, hakutaka kustaafishwa na jambazi. Nikapanda lori la idara, nikakivingirisha kile kitako kilichovunjika ndani ya leso. Askari wa kizuizini alinifungulia leso, akakitazama, akanitazama mimi.

"Na kingine kiko wapi?"

"Kimekaliwa na ngamia."

Akanifungia leso mwenyewe, taratibu, kwa namna watu wanavyofanya wakikuhurumia.

Fundi nilimpata kwa kufuata sauti ya randa. Aliitwa Santino, alitoka Sudan Kusini kwa miguu, na alikuwa anatengeneza viti vya makanisa, misalaba na majeneza, kwa hiyo hakukosa kazi. Kiswahili alikuwa amejifunzia kambini kutoka kwa watu wa kila taifa, na kila taifa lilikuwa limeacha kitu. Alipofunua leso yangu alirudi nyuma.

"Ya mama, hii ni ya bunduki. Mimi nilikimbia bunduki mpaka hapa, wewe unaifuatisha mgongo wake?"

Nikamweleza habari za Lomuria na watoto. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Halafu akaingia ndani, akavuta pande zima la mathenge lililokuwa chini ya kitanda chake, zito, limekauka mpaka linalia ukiligonga.

"Hii nilikuwa nataka kufanya mimbari," alisema. "Mungu atangoja. Yeye hana mbuzi ya kuibiwa. Chukua, mafi shida, hakuna shida."

Nilipokuwa nasubiri lori, nilikaa kanisani kwao kwa ajili ya kivuli. Viti vya Santino vilikuwa na rangi ya asali, laini, lakini viti vya nyuma miguu yake ilikuwa kahawia, ile kahawia hasa, imeanzia chini ikapanda. Nikamuuliza amepaka nini.

Santino aliona haya. "Huko nyuma wanakaa watoto wadogo siku ya Jumapili. Mahubiri ni ndefu."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Yeye naye akacheka, akaniambia kwao vijana huosha nywele kwa mkojo wa ng'ombe mpaka ziwe nyekundu, na wasichana wanapenda. "Lakini hapa ng'ombe hatuna," alisema, "tuna watoto tu." Nikarudi Lodwar na gogo langu, nikidhani nimebeba mti na kichekesho basi.

Barasa alichonga kile kitako kwa upendo ambao hajawahi kuukubali mbele za watu. Mathenge ulimtii. Haukupasuka, haukupinda, chuma cha bunduki kikaingia na kutulia. Sasa ikawa zamu yangu, na rangi ya asali si rangi ya serikali. Nikachukua kipande kilichobaki, kama nilivyofundishwa, nikapaka maji ya kutu mepesi kabisa, nikaenda kunywa chai. Niliporudi kilikuwa cheusi, na weusi wenyewe ulikuwa wa wino wa shule, unaelekea buluu. Nikazimua, kikawa cheusi. Nikazimua tena mpaka yale maji ungeweza kumnywesha mtoto, kikawa cheusi. Mathenge una ukali wake mwenyewe ndani, ule ambao mti wa Ulaya wa vitako vya zamani tulikuwa tukiuongezea kwa maganda, na ukiona kutu tu unawaka. Chai ya majani haikufanya kitu. Ile dawa ya zambarau ya kuoshea mboga ilitoa rangi nzuri sana iliyopotea juani kabla ya chakula cha mchana.

Lomuria alikuwa amekaa mlangoni siku zote hizo. Alikataa kurudi Kaaleng bila bunduki, na kila jioni aliniuliza, "Mama, bado?" Mkaguzi alikuwa amefika Kitale. Mimi nilikuwa nimeanza kusikia kizunguzungu cha hasira, hasira ya kushindwa na mti ambao hata punda anaudharau, na hapo ndipo nikaikumbuka miguu ya viti vya Santino.

"Mzee," nilimwambia Barasa, "nahitaji mkojo."

Alipandisha miwani. "Wa nani?"

Wa watoto ulikuwa mgumu kuueleza kwa wazazi. Wa mbuzi ulikuwa kidogo. Lomuria, aliyekuwa akisikiliza, alisema ngamia wanakunywa mtoni kila siku na hawana haraka wanapofanya haja, unaweza kusimama na kopo na kuzungumza mambo mengine. Akaenda. Akarudi na ndoo, mwenye heshima zake zote, watu wa mjini wakimpisha njia.

Nawaeleza namna, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuieleza. Mkojo mbichi hauna kazi. Uache ndani ya ndoo juani mpaka uchachuke na kukutoa machozi ukiinama. Huupaki juu ya mti hata kidogo. Unautia kwenye beseni, unaongeza jivu ili ile harufu ipande kwa nguvu, unaweka beseni ndani ya pipa, unaning'iniza kitako juu yake kwa waya kisiguse kitu, unafunika kwa gunia lililoloweshwa. Ni ule mvuke unaofanya kazi. Mathenge unauvuta, unageuka kahawia polepole, kutoka ndani, nyuzi zote zikionekana. Ofisi ya jirani walifunga madirisha, na kufunga madirisha Lodwar ni jambo la kufa. Karani wao mmoja alikuja kuuliza kama kuna mtu amefia kwetu. Barasa akamjibu kwamba bado.

Mwishowe nilifunua gunia. Nikakitoa, nikakiacha kipate hewa mpaka harufu yote ikaisha, nikakipaka linsidi kwa soksi. Katika miaka yangu yote sikuwahi kutoa rangi kama ile, wala kabla wala baada. Ilikuwa kahawia yenye wekundu chini yake, na ukikigeuza juani nyuzi zinatembea. Barasa alikipokea, akakizungusha, akasema, "Hm." Kwa Barasa hiyo ilikuwa hotuba. Lomuria alipofungiwa bunduki yake aliishika, akaondoka kwenda kukaa kwa jamaa zake nje ya mji akingoja ukaguzi. Mimi nikalala usingizi kamili.

Ambacho sikukijua ni kwamba Lomuria alikuwa amefikiri. Aliona kwa macho yake kwamba mkojo wa ngamia umekipendezesha kitako, na kwa akili zake, kama kidogo ni kizuri, kingi ni kizuri zaidi. Kwa hiyo huko nje ya mji alikuwa akikiosha kwa mkojo wenyewe, moja kwa moja, kila asubuhi.

Siku ya ukaguzi homugadi walipangwa uwanjani, bunduki mbele ya miguu. Bwana Mkaguzi alishuka kwenye gari, mnene, nadhifu, fimbo kwapani, akiongea Kiingereza na wasaidizi wake na Kiswahili na sisi wengine. Alipita mstari akitikisa kichwa. Huyu skrubu, huyu kutu, huyu stoo. Nilikuwa nimesimama na Barasa pembeni, mikono nyuma, kana kwamba ni mtoto wangu anafanya mtihani. Akafika kwa Lomuria. Akasimama.

Aliichukua ile bunduki, akaigeuza. Akavua kofia, akaweka kitako begani, akalaza shavu juu yake, akafumba jicho. Akakaa hivyo muda ambao haukuwa wa ukaguzi.

"Hii inafanya nini huku?" aliuliza.

"Ni ya Lomuria, afande," alijibu Barasa. "Iko sawa kabisa."

"Naona iko sawa. Ndiyo maana nauliza. Kitu kama hiki kinapotea bure porini." Akamgeukia msaidizi wake. "Weka kwenye gari. Huyu mzee ataletewa nyingine zikija."

Msaidizi akaichukua, akaiegemeza kwenye mlango wa gari. Lomuria hakuelewa mara moja. Alipoelewa, hakupiga kelele, alimtazama Barasa tu, halafu akanitazama mimi. Barasa alikuwa anatazama viatu vyake. Simlaumu. Aliyekuwa amebakiza muda mfupi hivyo, na mkubwa kama yule mbele yake, angesema nini? Lakini mimi nilikuwa nawaona wale watoto ambao sijawahi kuwaona, wamesimama na mbuzi wao, na nilijichukia kwa kukifanya kile kitako kizuri. Kingekuwa kibaya, kingerudi nyumbani.

Mbuzi wa Lodwar hawana mwenyewe wala adabu. Mmoja, jike jeupe, alipita katikati ya paredi, akaenda moja kwa moja kwenye gari, akaanza kukilamba kile kitako. Msaidizi alimfukuza. Akarudi na wenzake. Walilamba kwa bidii, macho wamefumba.

"Mbona hawa mbuzi wanalamba bunduki?" aliuliza Bwana Mkaguzi.

Nikaelewa pale pale alichokifanya Lomuria, na nikaona mlango umefunguka. Nilihisi Barasa akinivuta ukosi wa nguo kwa nyuma. Nikapiga hatua mbele.

"Ni chumvi, afande."

"Chumvi gani?"

"Ya mkojo, afande. Rangi hiyo tumeipika kwa mkojo wa ngamia."

Mkono wa Bwana Mkaguzi ulipanda wenyewe mpaka shavuni, ukagusa, ukashuka. Nilimwona akipiga hesabu ya kila mahali shavu lile lilipogusa. Akamgeukia Lomuria, sauti imepungua.

"Wewe mzee. Huyu mama anasema kweli?"

Lomuria alijitutumua. Ilikuwa mara ya kwanza mkubwa wa Nairobi kumuuliza jambo analolijua.

"Kweli, afande. Na leo asubuhi mimi naongeza ingine."

Bwana Mkaguzi akatoa leso, akajifuta shavu, akaitazama leso, akaitupa. Homugadi walikuwa wametazama mbinguni, mabega yanatikisika. Wanasema mkono mtupu haulambwi, na hakika kitako kile hakikuwa kitupu.

"Mrudishie," alisema.

"Iende stoo, afande?" aliuliza msaidizi.

"Nimesema mrudishie. Ipite. Na isiguse gari."

Barasa hakunisemesha mpaka jioni. Halafu akasema kwamba nimevunja sheria ya pili mbele ya mtu mkubwa kuliko wote waliowahi kufika wilayani, na kwamba kama ningechelewa kidogo angeivunja yeye. Nilimwacha aamini hivyo. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa amestaafu akarudi Bungoma, na karakana ikawa yangu, harufu na yote.

Kiangazi kiliingia. Habari za uvamizi upande wa Kaaleng zilitufikia vipande vipande, kila mleta habari na yake, wengine wakisema kijiji kimekwisha, wengine wakisema ni kingine. Nilimuuliza kila dereva aliyetoka kaskazini. Usiku nilikuwa simwambii mume wangu ninachowaza, na kwa kuwa ni mwalimu, hakuuliza.

Asubuhi moja nilikuwa namtoa kondoo kwenye kitako cha mtu, kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Lomuria, amekonda, kigoda kwenye kidole, bunduki begani.

"Ejok, mama."

"Ejok."

Aliilaza bunduki mezani, akaigeuza upande. "Mama, kazi yako si nzuri. Rangi imetoka."

Pale pale panapolala shavu, kahawia yangu ilikuwa imepasuliwa kwa mfereji mrefu kama kidole, ndani mti umebaki na rangi yake ya asali. Najua alama ya tupa, na ya meno ya fisi, na ya ngamia. Hiyo haikuwa yoyote kati ya hizo. Mwenye bunduki alikuwa ameinua kichwa chake kidogo tu kabla ya risasi kufika.

"Watoto?" nilimuuliza.

"Wako."

"Na wale wa ndugu yako?"

"Wote wako. Hao watu wameenda na mbuzi kidogo. Watoto wameacha."

Nikaketi juu ya sanduku alilokuwa akikalia Barasa, nikalia. Sikulia vizuri, nililia kile kilio cha kamasi, mikono imejaa maji ya jivu nisiweze hata kujifuta. Lomuria alisimama hajui pa kutazama. Hakuwahi kumwona fundi akilia juu ya mti. Mwishowe akakiweka chini kigoda chake, akanishika bega.

"Mama, wacha," alisema. "Ni rangi tu. Itarudi."